Niko mwaka wa pili, chuo kidogo Minnesota: nimechelewa kuomba utarajali wa benki za uwekezaji?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania, nasoma uchumi mwaka wa pili katika chuo kidogo hapa Minnesota, kwa visa ya mwanafunzi, F-1. GPA yangu, yaani wastani wa alama, ni 3.6 kati ya 4. Sasa ni Novemba, na nasikia wenzangu wa vyuo vikubwa tayari wanajiandaa na maombi ya utarajali wa benki za uwekezaji, wa kiangazi cha baada ya mwaka wa tatu. Mimi ndio kwanza nalijua jambo hili. Sina ninayemfahamu huko New York. Uzoefu wangu ni kumsaidia mama biashara ya dagaa tu, pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kabla sijaja huku. Sasa nafanya kazi maktaba ya chuo. Je, nimechelewa? Nianzie wapi? Na je, nihamie chuo chenye jina?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hujachelewa, ila wiki za kupoteza huna.

Kazi unayoililia, yaani utarajali (internship) katika benki zinazosimamia mauziano ya kampuni na kuzitafutia mtaji, ni ya wiki 10, kuanzia Juni hadi Agosti, baada ya mwaka wako wa tatu. Ukihesabu kuanzia leo ni miezi 19 mbele, ndiyo maana ulikuwa umetulia. Kwa miaka ya karibuni, lakini, benki kubwa kama Goldman Sachs, JPMorgan na Morgan Stanley zimekuwa zikifungua maombi katika majira ya baridi ya mwaka wa pili, na viti vingi vinajaa kabla chuo hakijafungwa Mei. Maana yake wanakuchagua ukiwa na matokeo ya mihula mitatu tu. Na wanaofanya vizuri kiangazi hicho ndio wanaopewa ajira wakimaliza chuo. Anayesubiri kuomba mwaka wa nne anagombania mabaki. Mwaka 2024 Goldman Sachs peke yake ilipokea maombi zaidi ya 300,000 ya utarajali duniani kote, na waliopata hawakufika 1 kati ya 100. Nakuambia haya mapema ili usije ukajaza fomu mtandaoni, ukakaa kusubiri, kisha ukadhani tatizo ni wewe.

Nimefanya kazi hii New York kwa miaka 6, na kwa miaka kadhaa nimekaa upande wa wanaosaili. Nataka ujue kinachopita kichwani mwangu ninapomtazama mwanafunzi mbele yangu. Najiuliza: nikimpa huyu kazi saa 5 usiku, na saa 1 asubuhi inatakiwa iwe mezani kwa mteja, nitaweza kwenda kulala? Wasifu, simu, maswali ya hesabu, mazungumzo ya kawaida, vyote nauliza hilohilo kwa njia tofauti. Natafuta mtu ambaye namba yake naweza kuiamini bila kuihesabu upya. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayokueleza yatakaa mahali pake.

Tuanze na lile neno "tu" uliloliweka baada ya dagaa. Liondoe.

Kama mama yako anafanya biashara kama wanavyofanya wengi pale Mwaloni, basi umekulia ndani ya somo ambalo wanafunzi wa huku wanalisoma kwa shida. Mzigo unanunuliwa kwa fedha taslimu, magunia yanapangwa, kisha mteja wa Bujumbura au wa Congo anachukua nusu kwa hela na nusu kwa mali kauli. Kwenye daftari mama ana faida. Mkononi hana hela ya mzigo wa kesho, inabidi akope kwenye kikoba. Kijana aliyeshuhudia hilo anajua kwamba faida na fedha ni vitu viwili. Huku wanaliita suala la mtaji wa uendeshaji, na ni moja ya mambo ya kwanza utakayoulizwa kwenye usaili: kampuni inawezaje kupata faida na bado ikafilisika? Mwenzako atajibu kwa kukariri. Wewe utajibu kwa kumsimulia mtu aliyechukua magunia 20 akarudi baada ya miezi miwili.

Sasa liweke hilo kwenye wasifu. Wasifu wa kazi hii ni ukurasa mmoja, bila picha, bila umri, bila dini, bila orodha ya wadhamini kama tulivyozoea nyumbani. Sentensi ya "nilisaidia biashara ya familia" haisemi kitu. Andika hivi: "Nilitunza daftari la mauzo na madeni kwa miaka 2; nilipanga wadaiwa 40 kwa umri wa deni; nilipendekeza kikomo cha mali kauli kwa kila mteja, na muda wa kukusanya madeni ukashuka kutoka siku 45 hadi 30." Namba hizi nimezibuni nikuonyeshe sura yake. Zako ziwe za kweli, na usiandike hata moja usiyoweza kuitetea. Niliwahi kumsaili kijana mwenye matokeo mazuri mno, kwenye wasifu ameandika kwamba aliongeza mapato ya klabu ya chuo kwa asilimia 35. Nikamuuliza, asilimia 35 ya nini, kutoka ngapi hadi ngapi? Akanyamaza. Akasema iliandikwa na mwenzake. Tulimaliza dakika zilizobaki kwa adabu, lakini usaili ulikuwa umeisha pale. Laiti angeniambia "sijui, nilikosea kuiweka", ningemheshimu zaidi.

GPA ya 3.6 inatosha kupita mchujo wa benki nyingi, maana wengi huanza kusita chini ya 3.5. Usiiache ishuke muhula huu kwa sababu ya kukimbizana na maandalizi. Na kazi ya maktaba iache kwenye wasifu. Inaonyesha unasoma huku unafanya kazi, na sisi tuliopita huko tunalisoma jambo hilo.

Tuje kwenye koneksheni, ambako ndiko nadhani utapata shida zaidi, na si kwa sababu hujui watu.

Kwetu koneksheni ni mjomba anayepiga simu moja, mambo yakaisha. Huku ni mazungumzo ya dakika 20 na mtu ambaye hamjawahi kuonana, kisha mengine, kisha mengine, mpaka siku majina yanapopitiwa ofisini mtu mmoja anasema, "huyu niliongea naye, yuko makini." Vyuo vyenye jina vina watu wao ndani ya kila benki wanaokuja chuoni na kufanya hafla. Chuo chako pengine kina wahitimu 5 au 10 tu katika kazi hii nchi nzima. Hao ndio dhahabu yako, kwa sababu mhitimu wa chuo kidogo huandikiwa na wanafunzi wachache na hukumbuka njia aliyopita.

Fungua Excel leo. Safu ya kwanza jina, kisha benki, kundi analofanyia kazi, mji, tarehe uliyomwandikia, alichosema, tarehe ya kumrudia. Anza na wahitimu wa chuo chako, ongeza Waafrika Mashariki, ongeza waliosomea Minnesota na majimbo ya jirani. Ukifika majina 60 uko pazuri. Anza na walio chini, wachambuzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, ndio wanaokumbuka usaili ulivyokuwa, na mara nyingi ndio wanaopewa kazi ya kupitia wasifu kwanza. Andikia watu 5 hadi 8 kwa wiki, usiandikie 60 usiku mmoja, kwa sababu wakijibu 10 kwa pamoja utashindwa kujiandaa na kila mmoja.

Barua pepe yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, lakini umbo lake ni hili: "Habari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchumi katika chuo ulichohitimu, natokea Mwanza, Tanzania. Nimeona ulianza Minneapolis kabla ya kuhamia kundi la bidhaa za chakula New York, na ningependa kujua uliamuaje. Nitashukuru ukinipa dakika 20 za simu wiki ijayo. Niko huru Jumanne na Alhamisi baada ya saa 9 alasiri. Nimeambatanisha wasifu wangu." Basi. Hakuna kuomba kazi, hakuna aya tatu za maisha yako. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku 7 au 10. Asipojibu tena, mwache.

Kabla hujabonyeza kutuma, isome barua kwa sauti. Mimi nilipokuwa kama wewe nilinakili ujumbe uleule kwa watu wengi, na kwa mmoja wao nikaacha jina la benki nyingine katika mstari wa tatu. Alijibu kwa maneno matatu: soma tena ulichoandika. Nililia usiku ule. Baadaye nilipoanza kazi nikaelewa kwamba alikuwa ananionyesha kazi yenyewe ilivyo. Kosa la namna hiyo kwenye kabrasha la mteja lina gharama.

Shida niliyoitaja ni malezi yetu. Tumefundishwa kutomsumbua mkubwa. Tumefundishwa kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Tukiulizwa tulichofanya tunasema "tulifanya", hata kama kazi tuliifanya peke yetu usiku kucha. Mimi sitaki uache adabu hiyo, imenilea na bado naipenda. Lakini msailiwa anayesema "tulifanya" kila sentensi ananiacha sijui yeye alifanya nini, na mimi nina dakika 30 tu za kumjua. Jizoeze kusema "nilifanya" panapokuwa ni wewe, na "mwenzangu alifanya" panapokuwa ni yeye. Huko si kujisifu, unatoa taarifa sahihi. Na heshima kwa mkubwa, huku inaonekana kwa kufika umejiandaa, kumuuliza kitu ambacho hakipo kwenye tovuti ya benki yake, na kumwachia dakika 20 zikiisha hata kama mazungumzo yamenoga. Mwishoni muulize: kuna mtu mwingine unayedhani nizungumze naye? Jioni hiyohiyo mwandikie asante ya mistari miwili, ukitaja kitu kimoja alichosema ambacho utakifanyia kazi. Kisha kifanye kweli, na umwambie baada ya mwezi.

Sasa hesabu. Zinatisha kwa jina kuliko kwa ukweli. Unatakiwa kujua taarifa tatu za fedha, yaani mapato, mizania na mtiririko wa fedha, na jinsi zinavyoshikana. Njia za kukadiria thamani ya kampuni, kwa kuilinganisha na kampuni zinazofanana nayo sokoni, kwa kutazama mauziano yaliyopita, na kwa kukadiria fedha itakazozalisha huko mbele kisha kuzirudisha kwenye thamani ya leo. Halafu picha ya jumla ya muungano wa kampuni mbili na ununuzi wa kampuni kwa mkopo. Ukitenga saa moja na nusu kwa siku kuanzia sasa hadi Januari utakuwa umefika mahali pazuri.

Nikuonyeshe swali moja ambalo karibu kila mtu huulizwa. Uchakavu wa mitambo umeongezeka kwa dola 100, kodi ni asilimia 25. Taarifa tatu zinabadilikaje? Nenda polepole. Kwenye mapato, faida kabla ya kodi inashuka kwa 100. Kodi inashuka kwa 25. Faida halisi inashuka kwa 75. Hamia kwenye mtiririko wa fedha: unaanza na faida iliyoshuka 75, lakini uchakavu hakuna aliyelipwa, ni maandishi tu, kwa hiyo unairudisha ile 100. Fedha zinaongezeka kwa 25. Hiyo 25 ndiyo kodi uliyookoa, na ukiweza kulisema hilo kwa sentensi moja nitajua umeelewa. Mwisho mizania: fedha zimepanda 25, mitambo imeshuka 100, jumla ya mali imeshuka 75, upande wa pili, faida limbikizi imeshuka 75. Pande zote mbili ziko sawa.

Wengi wanakariri jibu hilo kwa kodi moja, mimi nikibadilisha kuwa 40 wanapotea. Jizoeze kwa sauti, ukiwa umesimama, ukimwelezea mwenzako wa chumbani asiyesoma uchumi. Ukikwama katikati ya usaili sema "naomba nirudi nyuma hatua moja", urudi. Anayejirekebisha mwenyewe kabla sijamrekebisha ndiye ninayeweza kumwachia kazi nikaenda kulala.

Utaulizwa pia ueleze mauziano uliyoyafuatilia. Hapa ndipo wanafunzi 20 kwa mpigo wananiletea ununuzi uleule wa kampuni kubwa ya teknolojia waliousoma asubuhi hiyo. Wewe leta wa nyumbani, na uwe umeuchimba. Chukua East African Breweries, kampuni ya bia ya Kenya. Mwaka 2023 Diageo ya Uingereza, iliyokuwa na asilimia 50.03, ilinunua hisa zaidi kwa shilingi 192 za Kenya kila moja, juu ya bei ya sokoni, ikafika asilimia 65. Kampuni ina hisa karibu milioni 790. Zidisha kwa 192, unapata thamani ya hisa zote kama shilingi bilioni 152. Lakini hiyo si thamani ya biashara nzima. Ongeza madeni, ongeza sehemu ya wanahisa wengine kwenye kampuni tanzu kama Serengeti Breweries, toa fedha taslimu zilizopo. Tafuta namba hizo kwenye ripoti yao ya mwaka, iko wazi kwa kila mtu, ufanye hesabu kwa mkono wako. Kisha jiulize kwa nini mtu mwenye zaidi ya nusu ya hisa alipie bei ya juu kupata asilimia 15 nyingine, kwa nini hakuchukua zote, na kwa nini Desemba 2025 Diageo hiyohiyo ilitangaza kwamba inaiuzia Asahi ya Japani hisa zake. Ukinieleza hayo kwa dakika tatu, ukiwa na maoni yako na sababu zake, nitasahau kwamba sijawahi kusikia jina la chuo chako.

Jambo la visa usiliache mpaka mwisho, na hapa nakuomba uwe makini kuliko mahali pengine popote. Kila fomu itakuuliza mambo mawili: unaruhusiwa kufanya kazi Marekani, na je, sasa au baadaye utahitaji benki ikudhamini visa? Jibu ukweli. Wapo wanaodanganya kwenye swali la pili. Mwishoni inajulikana na ofa inafutwa. Kwa utarajali wenyewe utatumia kibali cha CPT, kinachotolewa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako ukiwa umemaliza mwaka mzima wa masomo, na kazi lazima ihusiane na masomo yako. Vyuo vidogo vingine vinakutaka ujiandikishe kwenye kozi maalumu ili kibali kitoke, kwa hiyo kaulize sasa hivi, usingoje ofa.

Ukihitimu una OPT, miezi 12 ya kufanya kazi. Wenye shahada inayohesabiwa kuwa ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaongezewa miezi 24. Uchumi wa kawaida, wenye namba ya mpango wa masomo (CIP) 45.0601, haumo. Uchumi wa kihesabu na ekonometria, namba 45.0603, umo. Mara nyingi tofauti yake ni kozi mbili tatu za hisabati na takwimu. Nenda kwa msajili wa chuo ukaulize shahada yako imeandikishwa kwa namba ipi. Miezi 12 inakupa jaribio moja, ukibahatika mawili, kwenye bahati nasibu ya H-1B, visa ya kazi inayodhaminiwa na mwajiri, ambayo ina nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 nyingine kwa wenye shahada ya uzamili ya Marekani. Miezi 36 inakupa matatu au zaidi. Nimeona watu hodari wakirudi nyumbani kwa sababu ya namba hiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ambayo hakuna aliyewaambia waiangalie. Sheria zenyewe zinabadilika. Septemba 2025 rais wa Marekani alitia saini agizo la malipo ya dola 100,000 kwa baadhi ya maombi mapya ya H-1B. Kwa hiyo usichukue ushauri wa visa kwenye kundi la WhatsApp. Nenda ofisini.

Kuhusu kuhama chuo, sikushauri. Ukihama utafika mahali papya mwaka wa tatu ukianza, wakati benki kubwa zimeshachagua watu wao, na utakuwa umeacha walimu wanaokujua pamoja na msaada wa ada. Badala yake panua macho. Karibu na wewe, Minneapolis, kuna makao makuu ya Piper Sandler. Milwaukee kuna Baird. Chicago kuna William Blair na Lincoln International. Benki hizi za kati zinafanya mauziano ya kampuni za kati, mchambuzi anashika kazi halisi mapema, na nyingi zinaendelea kusaili baada ya zile kubwa kumaliza. Uliza mapema kama zinadhamini visa, maana si zote. Yapo pia mashirika yanayowaandaa wanafunzi wasio na ndugu kwenye kazi hizi, kama SEO na MLT. Soma masharti yao ya kibali cha kazi kabla hujajaza.

Na kiangazi kinachokuja, cha baada ya mwaka huu wa pili, usikipoteze. Ukienda nyumbani huhitaji kibali chochote cha Marekani. Kaombe kukaa wiki nane kwa dalali wa hisa Dar es Salaam au Nairobi, hata kwa nauli na chakula, ufanye kazi ya kusoma ripoti za kampuni na kuandika muhtasari. Nawajua wawili walioingia kwa mlango huo, na kwenye usaili walikuwa na cha kusimulia ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho chumbani.

Usaili wenyewe huanza na video. Unaongea na kamera, swali linatokea kwenye skrini, unapewa sekunde chache, unajibu. Hakuna anayetikisa kichwa upande wa pili, na sisi tuliozoea kusoma uso wa mtu tunapwaya hapo. Jirekodi kwa simu mara 20 kabla. Ukipita unaitwa siku wanayoiita Superday, mahojiano mfululizo na watu watatu hadi sita au zaidi, kila mmoja nusu saa. "Nieleze habari zako" litakuja kila mara. Jibu lake lisizidi dakika mbili, lianzie Mwanza na liishie pale ulipokaa, kila hatua ikieleza iliyofuata. Mtazame mtu machoni. Najua nyumbani ni utovu wa adabu kumkazia macho mkubwa. Mimi nilianza kwa kutazama katikati ya nyusi zake, mpaka nikazoea.

Uamue pia kama kazi hii unaitaka kweli. Mwaka 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman Sachs waliandaa ripoti iliyovuja, wakisema wanafanya kazi wastani wa saa 95 kwa wiki na kulala kwa muda wa saa 5 tu kila usiku. Benki zilipandisha mishahara baada ya hapo, ya msingi ikafika dola 100,000 hadi 110,000 kwa mwaka wa kwanza, na mwaka 2024 JPMorgan iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa wachambuzi mara nyingi. Kikomo cha saa 80 bado ni zaidi ya saa 11 kwa siku, siku zote saba za wiki. Nilikosa harusi ya mdogo wangu wa damu. Nilijifunza pia kwa miaka miwili mambo ambayo kwingine yangenichukua miaka saba, na nimesomesha watoto wawili wa kaka yangu. Muulize kila utakayempigia simu wiki yake iliyopita ilikuwaje, siku kwa siku, usikilize na anavyosita.

Wiki hii fanya mambo matatu: nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni na kwa msajili, andika majina 20 ya kwanza kwenye Excel, na umpigie mama. Muulize kama lile daftari la madeni bado lipo. Kama lipo, amwombe mtu ampigie picha kurasa zote za mwaka uliokuwa unaandika wewe, akutumie. Ukishazihesabu, niandikie tena pamoja na wasifu, tuupitie mstari kwa mstari.